Kinga ya Kifyatulio

Bunduki ina sehemu ambazo kila mtu anazijua kwa jina, hata yule asiyepata kuishika maishani mwake. Mtutu hutajwa katika habari za vita, risasi hutajwa kila siku, na kitako hukumbukwa na kila aliyepata kupigwa nacho. Lakini mwulize mtu jina la kile chuma kilichopindwa kama mkono wa kikombe, kinachozunguka kifyatulio upande wa chini, naye aghalabu atakutazama kimya. Hata lugha yetu haijakipa jina lililoenea. Katika insha hii nitakiita kinga ya kifyatulio, maana kukinga ndiyo kazi yake inayoonekana. Nawe msomaji, ukiwa na jina bora kuliko hilo, litumie na ulisahau langu.

Huenda ukashangaa kwamba mwalimu anataka kukuandikia kurasa kadhaa juu ya kipande cha chuma kisichozidi sana shibiri moja. Sina mapenzi ya silaha, wala sikusudii kukutia mapenzi hayo. Nina mapenzi ya kazi za mikono, na katika kazi za mikono nimeona kuwa sehemu isiyotazamwa na watu ndiyo mara nyingi inayoficha akili ya fundi. Jambo hili nililishuhudia wakati tulipobishana sisi watu wazima saba, kwa muda wa miezi miwili, juu ya kinga ya bunduki moja kuukuu ambayo haitalia tena hata siku moja.

Kabla sijafika huko ni lazima ujue kinga hufanya nini. Kifyatulio ni kitu kitiifu kupita kiasi. Hakimwulizi anayekivuta jina wala sababu. Kidole cha askari, kijiti cha kichakani, kifungo cha koti, au kidole cha mtoto aliyeikuta bunduki imeegemezwa ukutani, vyote kwake ni mamoja. Kwa hiyo wahunzi wa tangu zamani walikizungushia chuma, ili chochote kitakachokigusa kiwe kimeingia ndani kwa kukusudia. Kinga haizuii nia mbaya. Huzuia ajali, basi. Gobori la Enfield la mwaka 1853 lilikuwa na kinga ya shaba ya manjano, nayo iking'arishwa ilipendeza kama pambo la bibi arusi. Katika bunduki za Winchester za Marekani, za mwaka 1866 na 1873, kinga iliongezewa kazi nyingine: iliungana na wenzo, na mpigaji alipousukuma chini na kuurudisha juu, ganda tupu lilitoka na risasi nyingine ikaingia mahali pake. Bunduki ya namna hiyo ukiinyang'anya kinga yake umeinyang'anya mkono.

Kazi ya pili imejificha. Bunduki ya kijeshi ya zamani ni ndoa ya vitu viwili visivyopatana tabia, mti na chuma. Mti hunywa maji ukavimba, hukauka ukanyauka, na hupinda kwa siri bila kumwambia mtu. Chuma hakijali mvua ila kwa kutu. Mtutu na mtambo hulala juu ya mti. Kinga hukaa chini ya mti. Na skrubu hupita kutoka chini hadi juu kuvikaza vyote pamoja. Kwa hiyo kinga ni taya la pili la jiliwa linalobana bunduki nzima. Katika Mauser ya mwaka 1898, iliyokuwa bunduki ya jeshi la Ujerumani, kinga na kasha la risasi ni kitu kimoja, na skrubu zake mbili zikilegea shabaha hupotea, hata mtutu ukiwa mpya kabisa. Katika Garand, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, kinga ni komeo: ukiivuta, mtambo wote wa kufyatulia huchomoka, na bunduki hukaa mikononi mwako vipande vitatu bila bisibisi.

Sasa utaelewa kwa nini nasema kwamba kubadili kinga ya bunduki ya zamani si sawa na kubadili mpini wa mlango. Watu, hata hivyo, wamezibadili kwa kila sababu unayoweza kuiwaza. Vita vyenyewe vilizibadili. Bunduki ya Springfield ya mwaka 1903 ilikuwa na kinga iliyochongwa kwa mashine kutoka katika pande zima la chuma, kazi ya muda mrefu na ya gharama. Mwaka 1942, Marekani ilipohitaji bunduki nyingi kwa haraka, kinga hiyo ilianza kufanywa kwa bati la chuma lililogongwa kwa mashine likapata umbo lake. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwa Mauser zao katika miaka ya mwisho ya vita. Ukitaka kujua taifa lilikuwa na haraka kiasi gani vitani, usisome hotuba za viongozi wake. Geuza bunduki zake uzitazame chini.

Baridi nayo ilizibadili. Askari wa nchi za theluji huvaa glavu nene zisizo na nafasi ya kidole, na glavu hiyo haiingii ndani ya kinga. Wajerumani walitoa kifaa cha bati cha kufungwa juu ya kinga wakati wa majira ya baridi, chenye wenzo mdogo wa nje uliosukuma kifyatulio cha ndani. Katika bunduki ya M16 Wamarekani waliifanya kinga ifunguke chini kama mlango, ili glavu yote ipite. Mwanafunzi wa Lodwar atayaona haya kuwa hadithi. Yule wa Limuru huenda akayaelewa upesi kidogo.

Wapo waliozibadili kwa urembo, hasa wawindaji wa Ulaya na Marekani walionunua bunduki za kijeshi kwa bei rahisi baada ya vita, wakazipunguza uzito, wakazichora maua, wakazitia kinga nyembamba zenye kung'aa. Na wapo walioziondoa kwa tamaa ya wepesi. Katika miaka ya 1920 mtumishi mmoja wa kiwanda cha Colt, John Henry FitzGerald, alijulikana kwa bastola alizozikata kinga upande wa mbele, ili kidole kifike kwenye kifyatulio bila kizuizi. Alikuwa stadi mkubwa, na huenda mikononi mwake jambo hilo lilikuwa na maana. Mikononi mwa watu wengine wote sijui badiliko la kijinga kuliko hilo, maana lililoondolewa ndilo lile lile lililowekwa na wenye busara kwa sababu yake.

Nije sasa kwenye bunduki yetu. Ilipatikana katika ghala ya shule moja kongwe, ambayo sitaitaja kwa kuwa wanakamati wake wangali hai na hasira zao zi karibu. Ilikuwa nyuma ya madawati yaliyovunjika, imefungwa kwa gunia, pamoja na mikanda michache ya gwaride. Jambo la kwanza tulilolifanya, nalo ndilo la kwanza kwa yeyote atakayeokota kitu cha namna hiyo, ni kutoigusa na kwenda kituo cha polisi. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, nayo haina mzaha. Polisi waliichukua, wakaichunguza, wakakuta imechongwa herufi D na P, maana yake ni bunduki ya mazoezi ya gwaride tu. Mtutu wake ulikuwa umetobolewa ubavuni, na ncha ya msumari wake wa kupigia imekatwa, hata isingeweza kulipua risasi. Baada ya barua nyingi na subira nyingi, shule iliruhusiwa kuiweka katika sanduku la kioo ndani ya maktaba.

Ilikuwa Lee-Enfield Nambari 1 Mark III. Jina la kwanza ni la James Paris Lee, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1831 na kukulia Kanada, ambaye ndiye aliyebuni mtambo wake; jina la pili ni la Enfield, mahali palipo kaskazini ya London palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali. Mark III ilipokewa mwaka 1907, ikapigana vita viwili vikuu vya dunia. Babu zetu wengi walioingia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo watu wetu waliliita Keya, waliijua bunduki hii kuliko walivyoyajua majembe yao. Kamati iliundwa ili bunduki iwekwe maktabani kwa kumbukumbu ya watu wa wilaya yetu waliotumika katika Keya. Mimi nilikuwa katibu.

Ubishi ulizuka juu ya kinga. Bunduki nzima, ijapokuwa kuukuu, ilikuwa na sura ya heshima. Mti wake wa mjozi ulikuwa mweusi kwa mafuta na jasho, na chuma chake kimechakaa sawasawa. Lakini kinga yake ilikuwa kioja. Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa nene, nzito, imejaa alama za nyundo na mikwaruzo ya tupa, na pembeni mwake palikuwa na tundu nusu, kama mahali palipong'atwa na panya. Mwenyekiti aliitazama akasema ni aibu kuweka kitu kama hicho mbele ya wageni. Mwanakamati mmoja akashauri tufanye kinga mpya ya shaba ya manjano, ing'ae. Nilipinga hilo kwa kuwa bunduki ya Mark III haikupata kuwa na kinga ya shaba, nasi tulikuwa tukifanya kumbukumbu, hatukuwa tukimvika mtu mkufu. Mwishowe iliamuliwa kwamba kwa idhini ya wakuu inunuliwe kinga ya asili kutoka kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, aliyetuhakikishia kwa maandishi kuwa yaingia katika Lee-Enfield zote bila ubaguzi.

Ilifika. Ilikuwa nyeusi, laini, nzuri kabisa, imefungwa katika karatasi ya mafuta. Mwenyekiti alifurahi. Tukamwita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa silaha katika jeshi, aliyekwisha kustaafu miaka mingi, aje aifunge.

Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliishika kinga mpya, akaigeuza mara mbili, akaiweka mezani. Kisha akachukua bunduki, akaipindua, akakaa akiitazama ile kinga mbaya kwa muda mrefu hata mwenyekiti akaanza kukohoa.

"Mwalimu," akaniambia, "hii mpya mmeinunua kwa fedha?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi niambie kifyatulio kitaning'inia wapi."

Sikuwa na jibu, naye hakulitazamia. Ndipo alipotufundisha jambo ambalo kwalo nimeona haja ya kukuandikia.

Katika Lee-Enfield ya zamani kifyatulio hakikutundikwa kwenye mtambo wa juu. Kimetundikwa kwenye kinga yenyewe, kwa pini ndogo. Ndani ya mtambo, juu kabisa, kipo kishikizo, yaani kijino kinachouzuia msumari wa kupigia usiruke mpaka uamriwe. Kifyatulio kikivutwa hukisukuma kishikizo, nacho huuachia msumari. Basi fikiri: anayesukuma yuko chini, ameshikwa na kinga, anayesukumwa yuko juu, ameshikwa na mtambo, na katikati yao upo mti. Mti ukivimba kwa maji, chuma cha chini husogea mbali na cha juu, ijapokuwa kwa unene wa ukucha, na kifyatulio huenda nacho. Mti ukinyauka au ukibonyea, hukaribiana. Wenye kuibuni walijua hatari hiyo, wakatia kijibomba cha chuma katika tundu la skrubu ya mbele ili kuushika umbali usipungue, na mti wakaulowesha mafuta ya kitani usinywe maji. Hata hivyo mti ni mti.

Na si kuvuta tu. Kifyatulio cha bunduki hii kina vinundu viwili mahali kinapogusana na kishikizo, ili uvutaji uwe na hatua mbili. Hatua ya kwanza ni nyepesi na ndefu, ya ratili 3 hadi 4. Kisha kidole hukutana na ukinzani, kama mtu aliyefika kizingitini gizani. Na hatua ya pili, ya ratili 5 hadi 6, ni fupi, nayo huachia. Askari hufundishwa kuimaliza hatua ya kwanza, atulie, ashike pumzi, kisha aamue. Sasa ikiwa kinga imekaa vibaya kwa upana wa uzi, vinundu hivyo havigusi mahali pake. Hatua moja huimeza nyingine, na kile kizingiti hupotea. Askari akivuta hajui tena bunduki italia lini.

Niliposikia maneno hayo nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopelekwa Burma, ambayo katikati ya mwaka 1944 ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, ikasonga mbele ndani ya matope na malaria mpaka ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin mapema Desemba ya mwaka ule. Barabara zilikuwa mito ya tope. Vyakula vilitupwa kutoka katika ndege. Nguo zilioza migongoni mwa watu. Babu hakupenda kusimulia habari za Wajapani. Alichosimulia ni mvua, na jinsi alivyolala na bunduki yake ndani ya shuka la mpira wakati yeye mwenyewe alilowa. Nilipokuwa mtoto nilidhani alifanya hivyo kwa kuogopa kutu. Huenda alifanya kwa kutu. Lakini alizoea kusema pia kwamba bunduki ikilowa siku nyingi "huwa na kidole kingine", na neno hilo nililichukua kuwa mzaha wa wazee mpaka siku ile katika maktaba.

Waingereza wenyewe walilitatua jambo hili mwisho wa safari. Mwaka 1949 walipokea Lee-Enfield Nambari 4 Mark 2, ambayo kifyatulio chake kimetundikwa juu, kwenye chuma cha mtambo, hata mti ukavimba au ukanyauka upendavyo, wao wawili wasiachane. Bunduki nyingi za Nambari 4 zilizokwisha kutengenezwa zilirudishwa karakana, zikapewa pachiko jipya la kifyatulio. Kuanzia hapo kinga ilivuliwa mzigo wake wa siri, ikabaki na kukinga na kukaza. Tundu la pini halikuhitajiwa tena ndani yake.

Na kinga yetu mpya, ile nzuri, ilikuwa ya namna hiyo ya mwaka 1949. Ilikuwa ya Nambari 4 na bunduki ni Nambari 1. Na hata kama ingalilazimishwa ikae, haikuwa na mahali pa kutundika kifyatulio. Maandishi ya mfanyabiashara yalikuwa ya uongo au ya ujinga, na kwa mnunuzi hayo mawili huwa na bei moja. Tulimwandikia atuletee nyingine au aturudishie fedha. Hakufanya hili wala lile.

Mwenyekiti akasema, "Basi tuitafute ya Nambari 1." Lakini Mzee alikuwa bado ameishika bunduki. Alivuta bolti, akairudisha, akaweka kidole cha shahada juu ya kifyatulio, akafumba macho. Tulisikia mlio mdogo wa chuma. Akarudia tena, na mara ya tatu. Kisha akatoa katika mkoba wake mizani ndogo ya springi, akaipachika kwenye kifyatulio, akavuta pole pole huku akiisoma.

"Nne," akasema. Akaendelea kuvuta. "Sita kasoro kidogo."

Hatua zote mbili zilikuwepo. Kile kioja cha chuma, chenye alama za nyundo, kilikuwa kimekaa mahali pake sawasawa kuliko kinga nyingi za kiwandani alizopata kuzipima.

Aliifungua skrubu ya mbele na ya nyuma, akaitoa kinga, akatuonyesha. Lile tundu nusu pembeni halikung'atwa na panya. Lilikuwa sehemu ya tundu la boliti ya katikati, ile inayofunga pamoja majani ya springi ya gari. Mtu asiyejulikana alitwaa jani la springi ya lori, akalilainisha kwa moto, maana chuma hicho hakitobokei kikiwa kigumu, akalikata, akalifua, akalipasua nafasi ndefu ya kasha la risasi kwa patasi ya chuma, akalipinda, akalitia tupa. Kisha, na hapa Mzee alituita tusogee, akatoboa tundu la pini ya kifyatulio. Pembeni ya tundu hilo palikuwa na alama nyingine mbili za kutoboa zilizoanzwa na kuachwa, moja juu kidogo, moja nyuma kidogo. Alikuwa amepima, akaona si hapo. Akapima tena, akaona si hapo. Mara ya tatu akapapata.

"Huyu hakunakili," Mzee akasema. "Angalinakili angalitoboa mara moja tu, akakosea. Huyu aliijua."

Ni nani? Hakuna aliyeweza kutuambia. Huenda alikuwa fundi wa karakana ya shule. Huenda alikuwa mhunzi wa sokoni aliyepewa kazi kwa shilingi chache. Bunduki ilikuwa ya mazoezi tu. Wavulana waliobeba bunduki hiyo katika gwaride hawakuhitaji hatua mbili za kifyatulio. Walihitaji kitu cha kuweka begani. Yeye angaliweza kukunja ukanda wa bati, akauchomelea, akalipwa, akaenda zake, wala hakuna ambaye angalijua. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Hata baada ya hayo kamati haikukubaliana. Usidhani kwamba wote walioona waliongoka. Mwenyekiti alishikilia, na kwa haki nakiri kuwa hoja yake haikuwa ya kipumbavu, kwamba mgeni akija kuitazama Lee-Enfield ya Keya anapaswa kuiona kama askari wa Keya walivyoiona, wala hakuna askari aliyetoka nchi hii na kinga ya springi ya lori. Alisema kwamba ukiruhusu kila kiraka kuitwa historia, hutakuwa na kitu kizima katika nchi. Mwanakamati mwingine, mwanamke aliyefundisha hesabu, alimjibu kwamba bunduki hii haikwenda Burma. Ilikwenda gwaride katika uwanja wa shule hii, na kinga hii ndiyo sehemu pekee iliyozaliwa hapa. Mimi niliunga mkono upande wa mwalimu wa hesabu. Laiti bunduki hiyo ingekuwa ya kupigwa, ningalisema vingine: ningalitaka kinga ya kiwanda, ya nambari yake na marka yake, imefungwa na fundi mwenye kibali, kwa kuwa hapo tunazungumza juu ya maisha ya mtu, na uzuri wa kisa si dhamana. Lakini bunduki iliyotobolewa mtutu na kukatwa msumari haina deni hilo. Imekwisha kuwa kitabu, nacho kitabu haking'olewi ukurasa kwa sababu mwandiko wake ni mbaya.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Kinga ya springi ikabaki.

Mwenyekiti aliomba angalau ing'arishwe, zile alama za nyundo ziondolewe kwa msasa na kupakwa rangi nyeusi. Mzee alikataa kwa upole, akasema hana msasa, ingawa sote tuliuona mkobani mwake. Aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akausugua mti kwa mafuta ya kitani kwa kiganja chake mpaka ukapata joto, akabadili skrubu moja iliyolika kichwa. Hakuomba malipo ila nauli. Kinga ya mwaka 1949 tuliiweka katika kabati la maabara ya fizikia, ambako naambiwa hutumiwa kama uzito wa kuzuia karatasi zisipeperuke.

Kilichobaki ni kijikaratasi cha maelezo ndani ya kioo, nami kama katibu nilipewa kazi ya kukiandika. Niliandika jina la bunduki, mwaka wa 1907, habari fupi za Keya, na mwishoni: "Kinga ya kifyatulio imefuliwa kwa chuma cha springi ya lori. Fundi hajulikani." Mwenyekiti alitaka sentensi ya mwisho iondolewe, kwa kuwa, alisema, inaonyesha kwamba shule haikuweka kumbukumbu zake vizuri. Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo. Sentensi ikaachwa. Ukipata kufika katika maktaba hiyo, usisimame mbele ya sanduku kama wageni wengi wasimamavyo, wakiutazama mtutu. Inama upande wa kushoto, mahali mwanga wa dirisha unapoingia kwa chini, nawe utaliona lile tundu nusu, na juu yake kidogo, kama huna haraka, zile alama mbili zilizoachwa.